Waziri wa Kwanza: Nani Anamwandika, Nani Anamfukuza?



Mara nyingi tunaulizwa: Raisi na Waziri wa Kwanza, mkubwa ni nani? Sisi makarani wenye kushika vitabu vya kazi tunajibu hivi: ukitaka kujua nguvu ya kapita, usisikilize sauti yake. Uliza ni nani amemwandika kazi, na ni nani anaweza kumfukuza. Kwa kipimo hicho tutazame inchi yetu.

Sheria ya msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilifuata desturi ya Ubelgiji: mkubwa wa inchi apewe heshima, Waziri wa Kwanza atawale na kujibu mbele ya Bunge. Bwana Lumumba alipata kura 74 katika chumba cha wajumbe 137. Lakini sheria ile ile ilisema kwamba mkubwa wa inchi anamweka Waziri wa Kwanza na kumwondoa. Tarehe 5 Septemba 1960 Bwana Kasavubu alitangaza kwa radio kwamba amemwondoa Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba Kasavubu si mkubwa tena. Bunge likakataa maneno hayo. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akawasimamisha wote wawili. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tazameni, ndugu: sheria ya mabwana wawili iliacha mlango wazi, na mwenye bunduki akaingia.

Mwaka wa 1965 mambo yakarudi. Muungano wa Bwana Tshombe ulipata viti vingi katika uchaguzi, lakini tarehe 13 Oktoba Kasavubu akamwondoa, akamweka Bwana Kimba. Bunge likamkataa Kimba. Tarehe 24 Novemba Mobutu akashika inchi yote.

Hapo cheo kilianza kufa. Oktoba 1966 Mobutu alimwondoa Waziri wa Kwanza Mulamba, na hakuweka mwingine. Mwaka wa 1977 aliweka Komiseri wa Kwanza, lakini huyu alikuwa mtu wa kutumwa tu: yeye aliyemwandika ndiye aliyeweza kumfukuza siku yoyote. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Bwana Etienne Tshisekedi. Machi 1993 Mobutu akamweka Bwana Birindwa, na inchi ikawa tena na mawaziri wa kwanza wawili. Baada ya 1997 Laurent Kabila alitawala bila Waziri wa Kwanza hata mmoja.

Katiba ya mwaka wa 2006 ilirudisha cheo, na wa kwanza kukishika alikuwa mzee Gizenga, aliyekuwa msaidizi wa Lumumba mwaka wa 1960. Neno kubwa lilibadilishwa. Raisi anamweka Waziri wa Kwanza kutoka kwa wenye wajumbe wengi, lakini kumwondoa kwa radio hawezi: Waziri mwenyewe atoe barua ya kuacha kazi, ao Bunge limwangushe kwa kura.

Je, mlango umefungwa? Tarehe 27 Januari 2021 wajumbe 367 walimwangusha Waziri wa Kwanza Ilunkamba. Askari hawakutoka, na damu haikumwagika. Lakini wengi wa wajumbe hao walichaguliwa katika upande uliomweka, kisha wakahamia upande wa Raisi. Kwa hiyo nguvu ya Waziri wa Kwanza leo iko mikononi mwa mjumbe, na mjumbe ni ninyi mnamwandika.

Ndugu, kura yenu si kwa Raisi peke yake. Mjumbe akija kuomba kazi, mwulizeni: ukihama kesho, utatuambia? Kisha shikeni kitabu chenu vizuri, andikeni jibu lake, na siku ya uchaguzi mkifungue.