Daktari Mmoja Hatoshi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya mwethya, Mbooni)



Leo tunataka kuzungumza juu ya daktari aliyewatumikia watu wa visiwani kwa miaka mingi. Mtauliza, sisi wa milimani visiwa vinatuhusu nini? Vinatuhusu sana. Mtu wa Faza au Kiwayu akiugua usiku, bahari ndiyo humzuia. Mtu wa Mbooni akiugua wakati wa mvua, ni mteremko na matope. Shida ni ile ile: mgonjwa yuko huku, dawa iko ng'ambo.

Daktari huyo ni Anne Spoerry. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1918. Alikuja Kenya karibu na mwaka 1950, akatibu watu upande wa Ol Kalou. Akiwa na miaka 45 alijifunza kurusha ndege, halafu akajiunga na Madaktari Warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957. Alizunguka Turkana, Marsabit na Lamu, akiendesha ndege mwenyewe. Watu wakamwita Mama Daktari. Alifanya kazi hiyo mpaka uzeeni, akafariki Februari 1999.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kubwa ndani yake ilikuwa chanjo. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inaharibika. Chupa ya chanjo ya surua ikishachanganywa haifai tena baada ya saa 6. Basi daktari akifika na watoto hawajakusanyika, dawa inamwagwa. Na ndege haingoji, kwa maana kiwanja cha porini hakina taa.

Tena mtoto hachanjwi mara moja tu. Hapa Kenya matone ya polio hutolewa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua ni miezi 9 na miezi 18. Ndiyo sababu tunasema uzuri wa Mama Daktari haukuwa ndege; ulikuwa kurudi. Mgeni anayekuja siku moja, akapigwa picha, akaenda zake, kazi hiyo haiwezi.

Lakini tuseme ukweli wote. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wajerumani walimfunga Anne Spoerry katika kambi ya Ravensbrück. Baada ya vita wafungwa wenzake walimshtaki kwamba aliwatendea wagonjwa ukatili humo kambini. Hakupenda kuizungumzia miaka hiyo. Mwaka 2018 mwandishi John Heminway alieleza mambo hayo katika kitabu. Wema aliofanya Lamu haufuti machozi ya wale wafungwa, wala machozi yao hayafuti chanjo walizopata watoto wa Lamu. Yote mawili ni kweli.

Sisi tunajifunza nini? Kwamba afya ya kijiji isitundikwe juu ya mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Mtu ana makosa yake, anazeeka, anahamishwa, anakufa. Kikundi hubaki. Tena msaada uko karibu kuliko zamani: mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa. Lakini naye mhudumu akifika na kukuta milango imefungwa, atafanya nini?

Basi tunaomba kila kikundi kifanye haya:

1. Kiwe na daftari la akina mama waja wazito na watoto walio chini ya miaka 2, pamoja na tarehe za chanjo.

2. Siku ya kliniki itangazwe mapema, na mama asiye na wa kumwachia kazi asaidiwe na wenzake.

3. Machela iwe tayari, na ijulikane inakaa kwa nani. Vijana wa kuibeba wachaguliwe kabla ya mtu kuugua.

4. Kila mkutano kitengwe kidogo cha nauli ya mgonjwa, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Mwethya wetu umechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kujenga madarasa. Hakuna aliyesubiri rubani kwa kazi hizo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkirudi nyumbani, anzeni na daftari.