Ardhi Inayoponya



Ndugu wapendwa, Nabothi alikataa kumwachia mfalme Ahabu shamba lake, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Wamohawk, wenyeji wa asili wa Marekani, walipoteza bonde lao huko New York kwa sababu ya vita vya uhuru wa nchi hiyo. Tena, tangu 1879 hadi 1918, shule ya bweni ya Carlisle iliwakataza watoto wa makabila ya asili lugha za mama zao.

Mwaka 1993 Wamohawk wachache, wakiongozwa na mzee Tom Porter, walirudi bondeni. Walinunua kwa fedha ardhi ya babu zao, mahali paitwapo Kanatsiohareke, wafundishane lugha na desturi za wazee, ili waliojeruhiwa moyoni wapone.

Kati yetu asinawe mtu mikono. Mwaka 2022, nchini Kanada, Papa Fransisko aliomba msamaha kwa mabaya waliyotendewa wenyeji wa asili na Wakristo katika shule za namna hiyo. Lakini Zakayo hakuishia kutubu. Aliahidi kurudisha mara nne. Basi nasi tujiulize: tumesogeza mpaka wa nani? Tumeidharau lugha ya nani mbele ya watoto wake?

Bwana atujalie moyo wa kurudisha. Amina.