Vitabu saba vya jirani yako

Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73, ya Mprotestanti 66. Tafadhali, usimwambie jirani kwamba yake imeongezwa au imekatwa. Maneno hayo yanaumiza familia zilizooana. Vitabu saba vinavyotofautisha Biblia hizo, yaani Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo, vilikuwamo katika tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale waliyoitumia Wakristo wa kwanza. Mwaka 1534 Martin Luther, kiongozi wa Waprotestanti, aliviweka kando: vinafaa kusomwa, lakini havilingani na Maandiko. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ukavithibitisha mwaka 1546. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliofika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walikuja na hesabu hiyo ya 73. Mnapokusanyika msibani, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, someni Zaburi. Zimo katika Biblia zote mbili.