Kuihuisha Kompyuta Kuukuu ya Chama

Mazungumzo yaliyosomwa Irente, Lushoto, mbele ya makatibu, waweka hazina na wajumbe wa kamati za vyama wanachama



Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi milimani humu imo kompyuta moja, na aghalabu kompyuta hiyo ni kuukuu. Ilinunuliwa mwaka ambao mboga zilipata bei, au ilitolewa na mfadhili aliyekuwa akibadilisha zake, na tangu hapo imebeba leja za hisa, orodha ya wanachama, madeni ya pembejeo na barua zote za chama. Sasa yachukua robo saa kuwaka. Katibu huiwasha asubuhi, akaenda kupima karoti za wanachama, naye akirudi huikuta ingali inajikokota. Ndipo huja fundi kutoka mjini na kuiambia kamati kwamba dawa ni moja tu, kununua mpya.

Kabla kamati haijaliingiza ombi hilo katika makisio ya mwaka, yafaa iufahamu ugonjwa wenyewe. Kompyuta ni chombo, na mfumo endeshi unaoiongoza ni kitu kingine kabisa. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari, 2020. Windows 10 ikaifuata tarehe 14 Oktoba, 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Windows 11 nayo hudai vifaa vya miaka ya karibuni, hivyo kwamba kompyuta zilizotengenezwa kabla ya 2018 kwa kawaida huzikataa. Chombo ni kizima, lakini mlinzi wake ameondoka. Mwizi wa mtandaoni akiingia humo hakuti barua za kuitisha mikutano tu, bali majina ya wanachama, namba zao za simu, hisa zao na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtaka kila anayetunza taarifa za watu azilinde, na chama cha ushirika hakikuachwa nje.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuuondoa mfumo wa zamani na kufunga Linux nyepesi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds, na tangu hapo imeendelezwa na maelfu ya watu duniani kote. Leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumpa jirani yake bila malipo. Mwanaushirika hana haja ya kufafanuliwa sana jambo la namna hiyo. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo mmoja wa jamaa hiyo akauita Ubuntu, ambao ni utu kwa lugha yetu. Na Desemba ya mwaka huo huo mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na kupangia hesabu zilizofasiriwa kwa Kiswahili.

Wazee waliokumbuka mwaka 1974, Serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya hasara na matatizo katika hesabu zake, watauliza kama mashine hizi zaaminika. Hofu yao si ya kudharauliwa. Mashine iliyopewa tarakimu mbovu hutoa urari mbovu kwa haraka zaidi kuliko karani, na hakuna mfumo endeshi unaoponya hilo.

Sasa kazi yenyewe. Huanza na nakala, na hapa ndipo vyama vingi huteleza. Kila faili la chama linakiliwe katika flashi mbili, si moja. Kisha flashi hizo zifunguliwe katika kompyuta nyingine, na leja ya mwisho isomwe kwa macho ya mweka hazina ikilinganishwa na daftari la karatasi. Flashi ambayo haijafunguliwa kwingine si nakala, ni matumaini. Moja ibaki katika kasha la fedha, ya pili ikae nje ya ofisi, kwani moto na mwizi havichagui.

Baada ya hapo mashine ipimwe. Ikiwa prosesa yake ni ya biti 64 na kumbukumbu yake ni gigabaiti 2 au zaidi, Linux Mint ya Xfce au Lubuntu itaingia, ingawa kwa gigabaiti 2 kivinjari kitachechemea mara kurasa chache zikifunguliwa pamoja. Kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 4, na kuiondoa diski ya kuzunguka ili kuweka ya SSD, huleta nafuu kubwa kuliko lolote jingine, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Mashine ya biti 32 ina njia nyembamba zaidi, kwa kuwa mifumo mikubwa imeziacha. Hata Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena cha kuzifungia. Kwa hizo hubaki antiX au Puppy, au kustaafu kwa heshima.

Faili la kufungia ni kubwa, kiasi cha gigabaiti 3, hivyo ni vema lipakuliwe mjini Lushoto penye mtandao wa nguvu kuliko kumaliza bando la katibu. Likishapatikana lilinganishwe na tarakimu za uthibitisho zilizotolewa na watengenezaji, kama vile stakabadhi inavyolinganishwa na kishina chake. Kisha huandikwa katika flashi ya gigabaiti 8 kwa programu maalumu kama Rufus. Flashi hiyo isiwe moja ya zile mbili za nakala, maana yote yaliyomo hufutwa.

Kompyuta huzimwa, flashi huchomekwa, na mara inapowaka hubonyezwa F12, F9 au Esc kulingana na aina yake, ili iamke kutoka kwenye flashi. Hapo pana neema ambayo wauzaji hawaitaji: mfumo huweza kujaribiwa wote kabla ya kugusa diski. Katibu ajaribu printa. Ajaribu mtandao. Afungue MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambao hutumiwa kwa kivinjari. Akitumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, asimamishe kazi papo hapo, kwa maana huenda isifanye kazi upande huu, na chama hakiwezi kupoteza leja kwa ajili ya kupata mashine nyepesi.

Hapa Irente, penye shule ya watoto wasioona, yafaa itajwe kwamba baadhi ya mifumo hii huja na programu iitwayo Orca isomayo maandishi ya kioo kwa sauti, na sauti ya Kiswahili ipo. Mwanachama asiyeona aweza kuisikia hesabu yake mwenyewe bila kumtegemea msomaji.

Majaribio yakiridhisha, kamati iandike azimio katika muhtasari ndipo kufunga kuanze. Jambo moja tu ni la kutisha, nalo ni pale mashine inapouliza kama diski ifutwe yote. Jibu la ndiyo halirudi nyuma. Saa za Dar es Salaam huchaguliwa, na diski itiwe fumbo ili anayeiba kompyuta asipate leja. Lakini neno la siri likisahauliwa, hata chama chenyewe hakitaingia tena. Basi liandikwe, litiwe katika bahasha ya lakiri, lisainiwe na mwenyekiti na mweka hazina, liwekwe kasheni. Umeme ukikatika katikati, kama ufanyavyo wakati wa masika, mashine haifi. Kazi huanzwa upya.

Kazi yote haizidi asubuhi moja. Mafaili hurudishwa, urari wa mwezi uliopita hufunguliwa na kulinganishwa, na programu iitwayo LibreOffice huyasoma majedwali mengi ya Excel, ingawa yale yenye fomula ngumu yakaguliwe moja moja.

Katika daftari la mali, mkabala na kompyuta, katibu aandike jina la mfumo uliofungwa na tarehe ambayo huduma yake itakoma: Lubuntu 24.04 ni Aprili 2027, Linux Mint 22 ni mwaka 2029. Mkaguzi ajaye ataanzia hapo.