NANI ANAKULA FAIDA YA MAFUTA?

Hotuba ya Katibu Mwenezi wa Tawi kwa mkutano wa wanachama

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wa bodaboda mlioegesha vyombo vyenu huko nje:

Mbele ya mkutano huu liko azimio la kumlaani mwenye kituo cha mafuta hapa kwetu, kwamba ni mnyonyaji, na kwamba wanachama wasinunue kwake mpaka apunguze bei. Nimeombwa nilisemee. Nitalisemea, ila huenda nisiseme yale mliyotazamia.

Hasira ya wananchi ni ya haki. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 120 mwezi uliofuata, na ilipofika Mei lita moja ya petroli Dar es Salaam ilikuwa imepita shilingi 3,000. Nauli zikapanda, na unga nao ukapanda, kwani unga hausafiri kwa miguu. Mwaka huo huo kampuni ya Shell ilipata faida ya dola karibu bilioni 40, kubwa kuliko mwaka wowote tangu izaliwe, na ExxonMobil ya Marekani ikapata karibu bilioni 56. Je, walitoa jasho zaidi? Visima vilikuwa vile vile. Vita viliwapandishia bei wakiwa wameketi. Hata Uingereza, ambayo hakuna atakayeiita nchi ya makabwela, mwezi Mei mwaka huo iliweka kodi ya ziada ya asilimia 25 juu ya faida ya wachimbaji wa mafuta na gesi katika bahari yake.

Sisi hatuchimbi mafuta, basi hatukuwa na wa kumtoza. Tulichoweza ni kutoa. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili bei ipungue. Tulishukuru, na ilikuwa sawa kushukuru, lakini fedha ile ilikuwa ya wananchi, ikenda kulipa bei ambayo wengine waliifaidi.

Sasa tumtazame huyu mwenye kituo. Tangu mwaka 2009 bei haitoki kichwani mwake. EWURA hutangaza bei kikomo, nayo siku hizi hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tangu mwaka 2012 mafuta huagizwa kwa pamoja, meli kwa zabuni, badala ya kila tajiri kuleta tone lake na hesabu yake. Ndani ya bei ile mna bei ya dunia, usafiri wa meli, gharama za bandari, faida ya mwagizaji, na kafungu ka mwenye kituo. Tena mna kodi na tozo zetu wenyewe. Mwaka 2021 peke yake iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Siipingi barabara. Nasema tu kwamba anayelaani bei nzima kwa jina la mtu mmoja mwenye pampu mbili anawapumzisha wengine wote.

Ziko njia ambazo mwenye kituo anaweza kutuibia: kupunja kipimo, na kuchakachua. Akifanya hivyo tumshitaki kwa hilo, kwa ushahidi.

Na neno hili uchakachuaji lina kisa ambacho hatupaswi kukisahau. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kwa kuwa ni taa ya maskini. Wafanyabiashara wakayachanganya na dizeli, wakauza kwa bei ya dizeli. Dawa iliyotolewa katika bajeti ya mwaka 2011 ilikuwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Dawa hiyo ilikuwa na akili yake. Lakini nani aliyeinywa? Bibi mwenye kibatari, ambaye hajawahi kuona lori la mafuta kwa karibu, ndiye aliyelipia dhambi ya mwenye lori.

Mwaka huo huo, mwezi Agosti, EWURA ilishusha petroli kwa shilingi 200 na zaidi kidogo. Makampuni yakafunga mikono. Vituo vikakauka, foleni za magari na madumu zikajaa mjini, na Bunge likawaka moto. Serikali ikatoa saa 24. Kampuni ya BP ikasimamishiwa leseni kwa miezi mitatu, na hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba nusu ya hisa za kampuni ile zilikuwa za Serikali yenyewe! Hazikutimia wiki mbili tangu bei ishushwe, ikapandishwa tena. Wananchi walipiga kelele kwa siku kadhaa, wakanyamaza. Makampuni hayakunyamaza, kwa sababu yana wahasibu wa kukaa mezani kila mwezi, sisi tuna hasira ya msimu.

Nimekuwa nikipita vijijini. Huko petroli huuzwa kwa chupa ya maji kando ya njia, na bei kikomo haijui chupa. Kijana wa bodaboda hulipa zaidi ya mtu wa mjini kwa lita isiyotimia, naye humtoza mama mjamzito anayekwenda zahanati. Habari hiyo sikuiona katika azimio letu hata kwa mstari mmoja.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba azimio libadilishwe, lisomeke hivi: kwamba Tawi linaitaka EWURA itangaze kwa Kiswahili chepesi, lita kwa lita, kila shilingi inakwenda kwa nani, na karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya kila kijiji, kwamba Tawi linadai kituo kidogo chenye kipimo halali katika kila kata isiyo nacho, na kwamba wanachama wawili wateuliwe leo hii, mmoja awe kijana wa bodaboda, waende kituoni kila Jumatano ya kwanza, walinganishe bango na tangazo, wadai stakabadhi, na kuleta taarifa kwa maandishi katika mkutano unaofuata.

Daftari ninalo hapa. Nangoja majina mawili.