Ni Nani Asiyeko Ukutani?

Somo: Mathayo 1:1–17

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililo karibu sana nasi, nalo ni picha tunazozitundika katika kuta za nyumba zetu.

Ukiingia katika nyumba nyingi hapa Kenya utazikuta. Zimo ndani ya fremu na kioo, mara nyingi zimetundikwa juu sana karibu na dari, zimeinama mbele kidogo kana kwamba zawatazama wageni. Pale ni babu na nyanya, wameketi wima mbele ya mpiga picha, mikono magotini, wala hawacheki. Pale ni arusi. Pale ni mtoto siku ya Kipaimara, pamoja na Askofu. Na katikati, mahali pa heshima, ni yule aliyevaa joho la chuo kikuu. Siku hizi picha nyingi hukaa ndani ya simu, lakini zile za ukutani ndizo zinazomwambia kila aingiaye: hawa ndio watu wetu.

Ni vizuri kufanya hivyo. Waisraeli walipovuka Yordani, mawe 12 yalitwaliwa mtoni, naye Yoshua akayasimamisha Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake wazazi wawaeleze matendo ya Mungu. Picha zetu nazo zaweza kuwa kama mawe yale. Basi tuzishushe kidogo, mtoto apate kuziona na kuuliza. Tuandike nyuma yake, kwa penseli, jina na mwaka. Kwa maana wazee huondoka, na mjukuu hubaki akitazama uso asioujua. Tena tusizitundike penye jua kali, maana hufifia, wala penye ukuta wenye unyevu.

Lakini, wapendwa, ukuta huwataja hata wale wasiokuwapo. Sisi wachungaji hukaribishwa chai katika nyumba nyingi, nasi tumeona misumari isiyo na picha. Tumeona alama ya mraba, safi kuliko rangi iliyoizunguka. Mtoto mdogo akiuliza, "Hapa palikuwa na nani?" huambiwa, "Nenda ukacheze." Kila mtu mzima aliyeketi pale anajua. Ni binti aliyepata mimba kabla ya kumaliza shule. Ni kijana aliyefungwa jela. Ni mwana aliyegombana na baba yake kwa ajili ya shamba.

Na wengine hawakuondolewa, ila hawakutundikwa kamwe. Yule mwenye joho yupo katikati. Je, yuko wapi ndugu yake aliyebaki nyumbani akikamua ng'ombe, na karo ikatoka katika maziwa yale? Yuko wapi mtoto asiyeweza kutembea? Hawa hula pamoja nasi kila siku, na kila siku hutazama ukuta usiowataja.

Sasa tufungue Mathayo sura ya kwanza. Wengi wetu huiruka tukidhani ni majina matupu. Lakini ile ni jamaa ya Bwana wetu, iliyowekwa mlangoni mwa Agano Jipya ili kila aingiaye aione. Nao ni akina nani? Yumo Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake. Yumo Rahabu, kahaba wa Yeriko. Yumo Ruthu, mgeni kutoka Moabu. Yumo mke wa Uria, na kwa kutajwa hivyo dhambi ya Daudi haikufichwa. Yumo Manase, mfalme aliyemwaga damu nyingi isiyo na hatia katika Yerusalemu. Kama kazi ya kutundika ingalikuwa yetu, tungaliwaacha wangapi? Mungu hakuona haya kumleta Mwanawe kwa kupitia watu hawa.

Hatusemi kwamba kosa si kosa. Wala hatusemi kwamba mwanamke aliyepigwa na kufukuzwa alazimishwe kutazama picha ya mtesi wake kila asubuhi. Lakini mzazi amwondoapo mtoto wake ukutani, huwafundisha wale waliobaki kwamba mahali pao nao ni pa muda tu. Nao hujifunza kuficha makosa yao, wasije wakaondolewa kama yule.

Kwa hiyo jioni ya leo tutazame kuta zetu. Kama iko picha iliyofichwa ndani ya sanduku au nyuma ya kabati, tuitoe, tuipanguse vumbi, tuirudishe mahali pake. Pengine mwenyewe yuko mbali wala hatajua. Lakini watoto watauliza, nasi tutakuwa na neno la kuwajibu. Na kama yuko karibu, tusiishie kwenye picha. Tumpelekee salamu, aje aketi nasi.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyetupa mahali katika nyumba yako ingawa hatukustahili, utusaidie kuwapa wenzetu mahali katika nyumba zetu. Uwapatanishe wazazi na watoto, na ndugu na ndugu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.