Ukinipa Wimbo, Nipe na Jina

Rafiki yangu amenirushia kwa simu nyimbo tano za taarab ya zamani, na mmoja haujanitoka kichwani tangu Jumatatu. Udi, fidla, na sauti ya mama mtu mzima asiye na haraka. Nikamuuliza, anayeimba ni nani? Hajui. Alipewa na shemeji yake, na shemeji alipewa na kondakta wa daladala.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Mtoto wa watu waliokuwa watumwa, jina lake likachapwa katikati ya sahani, kila mwenye gramafoni alisome. Enzi za kaseti nasi tuliandika kwa kalamu, hata kama hati ilikuwa mbovu: bendi, mwimbaji, upande wa kwanza, upande wa pili. Leo wimbo unakuja umeandikwa namba saba, basi. Huko ni kugawa pilau ya watu bila kumtaja mpishi.

Kwa hiyo nimemrudisha rafiki yangu kwa shemeji yake. Shemeji naye, tafadhali, amtafute kondakta.